Buibui kanikimbiza Sumbawanga, nikamponza bibi wa watu

Msomaji, kabla hujanicheka, jiweke mahali pangu kwanza. Saa 8 usiku. Sumbawanga, mwezi wa 6, baridi ile ambayo ukihema unaiona pumzi yako mwenyewe ikikutoka mdomoni. Umelazwa chumba cha uani ambacho mwaka mzima ni stoo, wageni wakija kinapandishwa cheo. Upande mmoja gunia za mahindi mapya, upande wa pili wewe. Umeme umekatika. Unawasha tochi ya simu ili uangalie saa, na pale juu ya kichwa chako, kwenye kona ukuta unapokutana na bati, kuna kitu kinatetemeka.

Si kutetemeka kwa baridi, la hasha. Kinazunguka. Kinazunguka kasi mpaka hakina umbo tena, kimekuwa kama kijimoshi kinachoning'inia hewani. Unakaza macho, kinapunguza mwendo, kinatulia. Kumbe buibui. Mwili wake punje ya mchele, miguu yake mirefu na myembamba kama nywele za mtu. Unashusha pumzi ya "afadhali", pumzi inamfikia, anaanza tena kuzunguka.

Nilitoka. Mimi nasema nilitoka. Shangazi yangu, aliyekuja mbio na taa mkononi, anasema bawaba ya mlango mpaka leo haijapona. Nilisimama uani na shuka moja na kandambili ya mguu mmoja, mbwa wa mtaa mzima wanabweka, na mimi nimekosa la kuwaeleza.

Najua unasema, mwanaume mzima na buibui! Sawa. Lakini si unaijua Sumbawanga kwa sifa? Huku Dar ukiaga unakwenda huko, wa kwanza atakwambia ukifika usimkanyage mtu mguu. Wa pili atakupa habari za radi inayopiga kiangazi. Wa tatu atauliza kama umeandika wosia. Jina lenyewe la mji wenyeji wanalieleza kuwa ni "tupa uchawi", sumba ni kutupa na wanga ndiyo hayo mambo yenyewe. Maana yake ukienda kwa hesabu ya haki, huu ni mji wa watu walioambiwa waache hayo mambo njiani kabla ya kuingia. Bongo wamesoma nusu ya mwisho ya jina, basi imetosha.

Na kinachochekesha zaidi, mimi ni Mfipa. Mfipa wa Mwananyamala. Baba ndiye aliyetoka huko, mimi Kifipa nakijua maneno matatu na mawili kati ya hayo ni vyakula. Mwaka jana ndiyo nilipanda basi kwa mara ya kwanza kwenda kuona nilikotoka: Morogoro, Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, halafu unakata kulia kuifuata Laela. Zaidi ya kilomita 1,100. Unapanda mpaka uwanda wa Ufipa, mashariki kwako Ziwa Rukwa limelala huko chini bondeni, magharibi Ziwa Tanganyika, na wewe uko juu katikati, mita kama 1,800 toka usawa wa bahari. Ndiyo maana watu wanavaa makoti kama wako Ulaya na ndiyo maana mimi wa fulana nilikuwa nagonga meno tangu stendi.

KABLIGHI YA VIDEO

Sasa sikiliza nilichofanya, maana kukimbia si kosa, kosa linakuja hapa.

Jioni ya siku ile, kabla ya kulala, alikuja bibi jirani. Mjane, anaishi peke yake nyumba ya pili, macho mekundu kwa moshi wa kuni wa miaka yote hiyo, anauza togwa ya ulezi mlangoni kwake. Alikuja amekumbatia blanketi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Wa Dar wewe, baridi itakuua, chukua hili."

Akalitandika kitandani mwenyewe, akatupa macho juu kwenye bati, akasema taratibu, "Huyo usimfagie. Mwenyeji huyo." Akajitwika khanga yake mabegani akaenda zake.

Basi baada ya kile kizaazaa cha usiku, shangazi akanichemshia maji ya tangawizi, nikapata nguvu, nikarudi chumbani na ujasiri wa mtu aliye na mwenzake nyuma. Nikapuliza, buibui akazunguka, nikampiga video. Sekunde 14. Nikairusha kwenye grupu la familia la WhatsApp na sauti yangu juu yake: "Jamani, Sumbawanga wamenitumia mgeni! Na bibi jirani kanionya mapema nisimfagie, eti ni mwenyeji!" Nikamalizia na vikatuni vya kucheka machozi. Utani tu, Mungu ni shahidi.

Grupu letu lina watu 60 na ushee. Video ikatoka Sumbawanga ikaenda Dar, toka Dar ikaenda kwa binamu Mbeya, na kesho yake mchana ilikuwa imesharudi Sumbawanga, mtaa ule ule, imekatwa kichwa na kuongezwa mkia. Sasa ilikuwa na maandishi juu yake, kwamba kijana mgeni katumiwa buibui na bibi muuza togwa. Jioni kulikuwa na toleo jingine ambamo mimi niliokotwa alfajiri kwenye majaruba sijitambui. Nilikuwa nakula migebuka kwa shangazi muda wote huo, na sikuwa najua kama nimeokotwa.

Siku mbili zikapita. Ya tatu nikaona kitu. Ndoo ya togwa ya bibi, ambayo kwa kawaida saa 4 asubuhi huwa imebaki mashapo, saa 8 mchana ilikuwa imejaa. Watoto wa shule waliokuwa wakipanga foleni pale na sarafu zao walipita upande wa pili wa barabara, tena kwa mbio. Bibi amekaa kwenye kigoda, kikombe cha kuchotea mkononi, anatazama njia.

Usiku huo mawe mawili yalitua kwenye bati lake. Tuliyasikia wote.

Hapo utani ukaniisha mwilini wote. Hatujazaliwa jana. Sote tumekua tukisoma magazetini habari za vikongwe wa kanda ya ziwa na magharibi waliouawa kwa mapanga kwa kuwa tu macho yao ni mekundu. Macho ya moshi! Kama ni hivyo basi kila anayepikia kuni nchi hii ana kesi. Na huyu wangu mimi nilikuwa nimeshampa na buibui juu.

Asubuhi mwenyekiti wa mtaa (mtaa wenyewe siutaji) akaniita mimi na shangazi. Mzee mpole, haongezi sauti. Akaniuliza kama naijua Sheria ya Uchawi. Nikasema nasikia ipo. Akasema ipo tangu mwaka 1928, enzi za Mwingereza, na wengi wanadhani inamhusu anayefanya uchawi peke yake, kumbe hata anayemtaja mwenzake kuwa mchawi ana kosa mle mle ndani.

"Mzee, mimi sikumtaja mtu," nikajitetea.

"Hukutaja," akasema. "Ulichora."

Shangazi aliinamisha kichwa. Mimi nilitamani lile basi la Dar liwe linapita pale mlangoni.

MWALIMU NA TOCHI

Shangazi ana mpangaji, mwalimu wa baiolojia wa sekondari, kijana tu, tumepishana miaka michache. Alikuwa amesikia yote na alikuwa amenikasirikia bila kuniambia. Jioni hiyo akaja na tochi na kile kioo cha kukuzia wanachotumia maabara. "Twende ukanitambulishe kwa mgeni wako," akasema.

Tukaingia stoo. Buibui yupo pale pale, kichwa chini miguu juu, kwenye utando wake uliotuna kama mwavuli uliofunguka nusu. Mwalimu akapuliza kidogo. Mzunguko ukaanza, moshi ukatokea. Nikarudi nyuma hatua moja, nakiri.

"Anaogopa," mwalimu akasema. "Wewe ulikimbilia mlangoni. Yeye hana mlango, ndiyo anafanya hivi. Miguu inabaki imeshika utando, mwili ndio unaozungushwa. Anayetaka kumla anaona ukungu tu, hajui arukie wapi." Akanieleza kuwa wapo buibui warukaji wanaoishi kwa kuwinda buibui wenzao, na kuzunguka huku kunawavuruga shabaha.

Akanipa kioo. Msomaji, ukimwangalia buibui kwa kioo cha kukuzia unaona aibu jinsi ulivyokuwa unapiga kelele. Yule alikuwa na rangi ya kijivu na michoro mgongoni kama kitenge kilichofuliwa sana. Macho manane, madogo mno. Na pale kwenye taya alikuwa ameshika kitu, kijifundo cha duara cheupe. Nikadhani mlo. Mwalimu akasema tazama vizuri. Mayai! Makumi ya mayai yamefungwa kwa nyuzi chache tu kama machungwa kwenye wavu, na mama ameyabeba mdomoni. Buibui wengine huyafungia kwenye kifuko wakakitundika au wakakibandika ukutani, huyu anatembea nayo kwenye taya mpaka yaanguliwe. Na kazi ya taya ndiyo hiyo moja, kwa hiyo siku za ulezi hali sawasawa. Watoto wakitoka hukaa naye siku chache kwenye utando, wepesi kama vumbi, ndipo kila mmoja anatafuta kona yake.

Kwa hiyo niliyemkimbia usiku alikuwa mama mjamzito, kama naweza kusema hivyo, na yeye aliniona mimi jitu linalompulizia upepo wa tangawizi usoni.

Mwalimu akakaa kwenye gunia, akaanza kutiririka, nami nikawasha kirekodi cha simu, safari hii kwa ruhusa. Ukoo mkubwa wa buibui hawa wataalamu wanauita Pholcidae, una spishi karibu 2,000 duniani. Ndani ya ukoo kuna jenasi, ambazo ni kama milango ya ukoo, na kila mlango una watoto wake, ndizo spishi. Jenasi moja kubwa ya huku kwetu Afrika ni Smeringopus. Jina ilipewa na Mfaransa Eugène Simon mwaka 1890. Ina spishi zaidi ya 50, na nyingi katika hizo zimepata majina mwaka 2012 tu, pale Bernhard Huber wa jumba la makumbusho la Alexander Koenig, Bonn, Ujerumani, alipokaa akazipitia zote upya. Hebu fikiria, mdudu anaishi miaka yote kwenye mapango, mashina ya miti na stoo za watu, halafu jina rasmi analipata baada ya sisi kupata simu za kupangusa.

Mmoja katika hao alipata jina mapema. Smeringopus pallidus, Mwingereza John Blackwall alimwandika mwaka 1858. Huyu ndiye msafiri wa ukoo. Kwao ni Afrika, lakini amedandia mizigo na meli mpaka leo yuko nchi za joto duniani kote, Amerika, Asia, visiwani. Ndugu zake wengi hawakutoka. Amezoea kukaa na watu, na watu wana dari, vyoo vya shimo, stoo na nyuma ya kabati, mahali pakavu pasipofagiliwa. Anachotaka yeye ni hicho.

Na wapo wa ukoo huo huo wasiokanyaga nyumba ya mtu hata siku moja. Huyo huyo Huber mwaka 2003 alianzisha jenasi nyingine, Buitinga, ya misitu ya milimani Afrika Mashariki. Vijidudu vya milimita chache. Sikiliza majina aliyowapa: Buitinga amani, Buitinga mazumbai, Buitinga uzungwa, Buitinga wataita, Buitinga batwa, Buitinga mulanje. Na mmoja, msomaji, anaitwa Buitinga kadogo! Kiswahili kitupu, kimeandikwa vitabuni kwa herufi za Kilatini na haibadiliki tena. Ukisoma orodha ile ni kama kondakta anaita vituo. Wengi wao wanajulikana kwenye mlima mmoja au milima michache ya jirani tu. Anayezaliwa Amani, Usambara, hana habari na Uluguru, safari yenyewe ni bonde la joto asiloweza kulivuka. Juu ya Sumbawanga pale kuna msitu wa Mbizi, ule wenye mbega wekundu, unauona ukisimama mjini. Mwalimu akasema kila akipeleka wanafunzi huko anawaambia wageuze majani waangalie chini yake, na wao wanamtazama kama mtu aliyerogwa. Akajishtukia kwa neno hilo, tukacheka kwa mara ya kwanza siku ile.

MENO NA MBU

Nikamuuliza la moyoni. Sumu je? Maana niliwahi kusikia huyu wa miguu mirefu ndiye mwenye sumu kali kuliko wote duniani, ila meno yake mafupi hayapiti ngozi ya mtu.

Mwalimu akasema hiyo ni hadithi ya mitaani, isipokuwa mtaa wenyewe ni Marekani na Australia. Wazungu nao wana Sumbawanga yao! Hakuna utafiti uliowahi kuonyesha kuwa sumu yake inamdhuru mtu. Mwaka 2004 kile kipindi cha televisheni cha Marekani, MythBusters, mmoja wa watangazaji, Adam Savage, aliingiza mkono kwenye chombo chenye buibui wa ukoo huu akae mpaka aumwe. Akaumwa. Akasikia kama moto kidogo, ukaisha muda mfupi. Basi. Kwa hiyo meno yanapita na sumu haina kitu, hadithi nzima imekufa pande zote mbili.

Kwa wadudu wenzake lakini huyu ni jambazi. Utando wake hauna gundi, ukigusa haunati kidoleni. Mdudu anajikwaa tu mle kama mlevi kwenye kamba za kuanikia, na kabla hajajinasua, buibui anasimama mbali, anatumia miguu ya nyuma kumrushia nyuzi, tena na tena, mpaka awe kifurushi. Ndipo anasogea kuuma. Ile miguu mirefu ndiyo siri yake, adui hamfikii mwilini. Kwa ujanja huo anakamata hata buibui wakubwa kumzidi, na wakati mwingine anaingia kwenye utando wa mwenzake akamla mle mle ndani ya nyumba yake.

Mwalimu akamulika sakafuni, nyuma ya gunia la mwisho. Chini ya utando kulikuwa na kijilundo cha taka nyepesi. Mabawa ya nondo, wale wanaotoka kwenye mahindi. Miguu ya mbu. Ganda la buibui mwingine, mweusi, mnene. Shangazi aliyekuwa amesimama mlangoni akaja kuchungulia, akasema neno moja, "Kumbe."

Hapo kwenye mbu ndipo mimi mtu wa Dar niliposimamisha masikio. Uwandani Ufipa baridi inawapunguza, lakini mimi nyumbani kwangu mwaka 2014 nilishuhudia dengue, na mwaka 2019 ikarudi kwa kishindo ikanilaza mimi mwenyewe siku 9, viungo vinauma kama nimepondwa kwenye kinu. Mbu wa dengue anauma mchana, chandarua hakikusaidii ukiwa umekaa sebuleni. Mwalimu akanieleza kuwa huko Thailand watafiti waliandika mwaka 1997 juu ya binamu wa huyu, Crossopriza lyoni, anayekaa majumbani na kula mbu wa dengue. Hakuna aliyesema buibui ataimaliza dengue, wala wewe usiache kumwaga maji kwenye makopo. Lakini kila mbu aliyenaswa kule juu ni mmoja pungufu wa kukutafuta wewe. Na pale Mbita, Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria, kuna mrukaji mmoja, Evarcha culicivora, si wa ukoo huu, ambaye watafiti walionyesha mwaka 2005 kuwa anachagua kabisa mbu jike wa malaria aliyekwisha kunywa damu. Anachagua kama mtu anayechagua nyanya sokoni.

Nikamtazama yule mama wa mayai pale kwenye kona. Halafu nikakumbuka ndoo ya togwa imejaa.

KWA BIBI

Kesho yake tulikwenda. Mimi, shangazi, mwalimu, na mwenyekiti mbele yetu kwa makusudi ili watu waone. Watu waliona. Nyuma yetu wakaunga vijana wa bodaboda, kina mama wawili watatu na watoto wasiohesabika. Kwa Bongo ungesema kuna ngoma.

Nilipiga goti pale mlangoni nikasema yote, bila kupunguza. Kwamba nilicheza, kwamba nilimtaja, kwamba mawe yale niliyarusha mimi ingawa mkono ulikuwa wa mwingine. Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa anachambua maharage kwenye ungo, hakuacha.

"Nyanyuka," akasema. "Goti lako litashika baridi."

Mwalimu akamuuliza kwa adabu, mbele ya wote wale, kwa nini jioni ile alisema yule asifagiwe.

Bibi akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyeuliza kwa nini maji yanalowesha. "Ingieni," akasema.

Stoo yake ndogo, giza, harufu ya ulezi na moshi. Mwalimu akawasha tochi. Msomaji, walikuwa kama 20. Kila kona, kila boriti, kila nyufa ya tofali. Mwalimu akapiga makofi mara moja na stoo nzima ikaanza kutetemeka. Wale wa mlangoni wakarudi nyuma wote kwa pamoja, kijana mmoja wa bodaboda akakanyaga mguu wa mwenyekiti. Nami safari hii sikutoka.

"Mimi na hawa tangu nimeolewa," bibi akasema. "Ukimfagia mmoja, vumbi lote linakuingia machoni, na kesho wapo wawili. Ukiwaacha, vipepeo vya mahindi vinapungua. Mwenyeji si mwenyeji? Yeye alikuwa mle ndani kabla ya huyu kijana kuja." Akanigeukia. "Na blanketi langu umelileta?"

Nilikuwa nimelisahau. Mtoto akatumwa mbio.

Mwenyekiti akachota togwa kikombe kizima, akanywa, akalipa. Mwalimu akanywa. Mimi nilikunywa vikombe vitatu na kimoja kilikuwa kimechacha kweli kweli, ni cha juzi, lakini ningekunywa hata ndoo. Shangazi akanywa. Kina mama wale wakatazamana, mmoja akatoa sarafu. Watoto walikuwa bado wamejaa stoo wanapiga makofi na kucheka buibui wanavyozunguka, mpaka bibi akawafukuza kwa mwiko kwamba watawachosha.

Nilipiga video nyingine. Dakika 4, buibui, mayai, bibi, mwalimu anaeleza, mimi naomba radhi kwa jina langu kamili. Nikairusha kwenye lile lile grupu la watu 60 na ushee nikawaomba waipeleke kote walikoipeleka ile ya kwanza. Alama za bluu zinaniambia walioifungua ni 23. Ile ya sekunde 14 ilizunguka nchi kwa usiku mmoja, hii ya dakika 4 sijui kama ilivuka Makambako.

Wiki ikaisha, nikapanda basi kurudi. Bibi alinipa chupa ya togwa ya njiani, imefungwa mfuniko kwa gazeti. Nikamwuliza kama amenisamehe. Akasema nimsalimie baba yangu, na nimwambie aje mwenyewe, asitume watoto.

Huku Mwananyamala nimeanza kutazama juu. Nina wanne: mmoja choo cha nje, wawili nyuma ya friji, mmoja juu ya kioo ninapochania nywele. Mwenzangu wa chumba cha pili alikuja na ufagio Jumamosi, nikamwomba anipe dakika 10 nimweleze, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza kama Sumbawanga wamenifanya kitu.

Shangazi napiga naye simu kila Jumapili. Juzi nikamwuliza habari za ndoo. Akasema saa 5 huwa imekwisha, si saa 4 kama zamani, lakini inakwisha. Watoto wamerudi. Nyumba zote za mtaa zimerudi, isipokuwa moja, ile ya pembeni yenye geti la bluu, ambao mtoto wao aliugua homa wiki ile ile ya video yangu. Mtoto amepona. Wao togwa wanatuma kununua sokoni.